Chungu Kinachopika Polepole: Historia ya Mchuzi wa Soseji na Watu Waliohama



Tunajua wengi mtacheka. Soseji? Na chungu cha umeme? Hapa kambini umeme wenyewe ni ule wa sola wa kuchajia simu, na soseji tunaziona kwenye picha. Lakini wenzetu waliopata safari ya Marekani wametuletea swali. Wamefika, wamepewa nyumba, wanafanya kazi ya zamu ya usiku, na huko wamekutana na chombo ambacho hawakukijua: bakuli zito la udongo, limekaa ndani ya kitu kama ndoo yenye waya wa umeme, na juu kuna kifuniko cha kioo. Majirani wanawaambia: weka humo soseji ya moshi, maharage, kitunguu na maji, washa, nenda kazini. Ukirudi chakula kiko tayari. Wenzetu wanauliza, hiki kitu kimetoka wapi?

Tulitafuta, na tulichokipata kinatuhusu kuliko tulivyodhani. Chombo hicho kilitokana na habari ambayo mama mhamiaji alimsimulia mwanawe. Na mchuzi wa soseji ulio maarufu kuliko yote kule kusini mwa Marekani, unaoitwa gumbo, ni kazi ya watu walioondolewa kwao kwa nguvu, baadhi yao wakitoka upande wetu huu wa dunia. Ndiyo maana tunaandika. Kila siku tunasikia kwamba mkimbizi amefika mikono mitupu. Historia ya chungu hiki inakataa neno hilo.

TANURI LA VILNA

Tuanze na chungu chenyewe. Vilna ni mji ambao leo unaitwa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Miaka ya 1800 ulikuwa chini ya utawala wa Urusi, na sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa Wayahudi. Dini yao inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, tangu jua linapozama Ijumaa mpaka usiku wa Jumamosi. Sasa utakula nini cha moto Jumamosi mchana, na huko ni nchi ya baridi na theluji?

Wamama wa Vilna walikuwa na jibu lao. Walipika chakula kinachoitwa cholent: nyama, maharage, shayiri, viazi na vitunguu, vyote ndani ya chungu kimoja. Ijumaa kabla ya jua kuzama, chungu kinafunikwa vizuri, halafu mtoto anatumwa akipeleke kwa mwoka mikate wa mtaa. Mwoka mikate ameshamaliza kazi yake ya wiki. Haongezi kuni tena, lakini tanuri bado lina moto ndani ya matofali yake. Vyungu vya mtaa vinaingizwa mle, vinakaa usiku kucha vikiiva taratibu bila mtu kuvigusa. Jumamosi mchana kila familia inachukua chungu chake, na chakula bado cha moto.

Si Vilna peke yake. Wayahudi wa Morocco nao wana chakula cha namna hiyo, wanakiita dafina, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichofukiwa au kufunikwa. Sisi tunaosema Kiswahili tuko na neno hilohilo: dafina, yaani hazina iliyofichwa ardhini. Kumbe chungu kilichofunikwa na mali iliyofukiwa ni neno moja.

Kuanzia mwaka 1881 Wayahudi wengi walianza kuikimbia Urusi. Walikuwa wanashambuliwa, nyumba zao zinaporwa, na umaskini ulikuwa mkubwa. Mpaka mwaka 1914 kama milioni 2 walikuwa wameshavuka bahari kwenda Marekani. Mmoja wa waliofika huko alikuwa mwanamke aitwaye Tamara Nachumsohn. Utotoni Vilna, yeye ndiye aliyekuwa akitumwa na mama yake kupeleka chungu kwa mwoka mikate. Mwaka 1902 alimzaa New Jersey mtoto wa kiume, Irving. Tamara hakuwa na tanuri la kumwonyesha mwanawe. Alikuwa na habari zake tu, na akamsimulia.

Irving alikua akawa fundi wa umeme na mvumbuzi, akaishi Chicago. Familia yake inaeleza kwamba alitaka njia ya kupika bila kuwasha oveni kubwa wakati wa joto kali, nyumba isigeuke tanuri. Hapo akakumbuka habari ya mama yake. Alichukua chungu, akakizungushia nyaya zinazotoa joto dogo pande zote, akakifunika. Umeme ukachukua kazi ya matofali ya Vilna. Mwaka 1936 aliomba hataza, yaani hati ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani. Alipewa Januari 1940.

Hapa tunaomba msome taratibu. Januari 1940 Irving anapewa hati yake Chicago. Juni 1941 jeshi la Ujerumani linaingia Vilna. Wayahudi wa mji huo walifungiwa mitaani, wakawa wanapelekwa msitu wa Ponary, nje kidogo ya mji, na huko makumi ya maelfu waliuawa kwa risasi. Vita vilipoisha, jamii ile ilikuwa karibu imemalizika. Wamama waliofunika vyungu, watoto waliotumwa, waoka mikate waliovipokea, wengi hawakubaki. Kilichobaki ni chungu kimoja Chicago, kwa sababu mama alisimulia na mtoto akasikiliza.

Sisi tuliotoka kwenye vijiji vilivyochomwa hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Irving mwenyewe alifupisha jina la ukoo likawa Naxon, wakati jina lenye sauti ya Kijerumani lilikuwa mzigo Marekani. Chombo chake akakiita Naxon Beanery, kwa vile kazi yake kubwa ilikuwa kupika maharage. Hakikupata umaarufu mkubwa. Mwaka 1970 aliiuza biashara yake kwa kampuni ya Rival ya Kansas City. Huko mtaalamu wa mapishi, Mabel Martin, alikijaribu kwa vyakula vingi, akaona kinaweza zaidi ya maharage. Mwaka 1971 kikatoka sokoni kwa jina jipya, Crock-Pot, na kufikia mwaka 1975 mauzo yake yalikuwa yamepanda mara nyingi sana.

Kwa nini wakati ule? Wanawake wengi wa Marekani walikuwa wanatoka kwenda kazini, na jioni hakuna aliyebaki nyumbani kuangalia sufuria. Halafu mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla, watu wakaanza kuhesabu umeme. Chombo kinachotumia umeme kidogo na kinachopika mwenye nyumba akiwa hayupo, kilifika saa yake.

MCHUZI WENYE JINA LA KIBANTU

Sasa tuje kwenye kilichomo ndani ya chungu. Wamarekani wana michuzi mingi ya soseji ya moshi, lakini tumechagua gumbo wa Louisiana kwa sababu jina lake tu ni darasa la historia.

Muulize Mkongomani yeyote hapa kambini gombo ni nini, atakwambia ni bamia. Wataalamu wengi wanasema neno hilo lilitoka kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia iliitwa ki-ngombo. Lilivuka bahari ndani ya meli za watumwa. Wafaransa walijenga mji wa New Orleans mwaka 1718, na mwaka 1719 meli zao zikaanza kuleta Waafrika huko. Wengi wa mwanzo walitoka Senegambia, na kati yao walikuwemo watu waliojua kulima mpunga. Baadaye wakaletwa wengi wa kutoka Kongo na Angola. Mpaka leo New Orleans kuna uwanja unaoitwa Congo Square, ambapo watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili wakicheza ngoma zao na kuuziana vyakula.

Hawa ndugu hawakubeba hata kikombe. Hakuna mtu aliyefika na mikono mitupu kuliko mtu aliyefungwa minyororo. Lakini walijua bamia ikichemka inafanya mchuzi uwe mzito, na walijua mchuzi huo unaliwa na wali. Ujuzi huo hakuna nahodha aliyeweza kuwanyang'anya. Gumbo mpaka leo inaliwa na wali.

Kundi la pili lilitoka kaskazini. Kulikuwa na wakulima wenye asili ya Ufaransa walioishi Acadia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Nova Scotia nchini Kanada. Mwaka 1755 Waingereza waliwataka waape utii bila masharti. Walipokataa, walikusanywa, nyumba zao zikachomwa moto wasipate pa kurudi, wakapakiwa kwenye meli. Familia nyingine ziligawanyika, baba meli hii, mama na watoto meli ile. Maelfu walikufa kwa magonjwa na kuzama baharini. Walionusurika walitangatanga miaka mingi, wengine makoloni ya Kiingereza, wengine Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1760 baadhi yao walianza kufika Louisiana, na mwaka 1785 meli 7 zilileta wengine kama 1,600 kutoka Ufaransa. Yaani wengine walikaa ukimbizini miaka 30 kabla ya kupata mahali pa kutulia. Wajukuu wao ndio wanaoitwa Cajun, neno lililotokana na kukatakata jina la Acadia.

Hesabu hiyo ya miaka 30 ilitugusa. Hapa kambini tuko na vijana waliozaliwa hapahapa, na wengine wazazi wao pia walizaliwa ukimbizini.

Kundi la tatu ni wenye nchi, Wachoctaw. Wao walikausha majani ya mti uitwao sasafrasi, wakayasaga yakawa unga wa kufanya mchuzi uwe mzito. Msimu usio na bamia, Louisiana walitumia unga huo, na wanautumia mpaka leo. Wako wanaosema jina gumbo limetoka kwao, kwa vile unga huo waliuita kombo. Kuanzia mwaka 1831 Wachoctaw wengi nao waliondolewa kwenye ardhi yao na serikali ya Marekani, wakapelekwa magharibi kwa miguu, wengi wakafia njiani.

Na soseji? Louisiana wanaiita andouille, jina la Kifaransa. Ni nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande, ikatiwa kitunguu saumu na pilipili nyingi, ikashindiliwa ndani ya utumbo, halafu ikafukizwa moshi saa nyingi. Inajulikana zaidi katika mji wa LaPlace, eneo ambalo Wajerumani walihamia miaka ya 1720 na ambao kwao soseji ilikuwa chakula cha kila siku. Wakati ule hapakuwa na friji. Majirani walichinja kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, nyama mbichi wakagawana, na iliyobaki wakaitia chumvi na moshi isioze. Ni kazi ileile wanayofanya wamama wa Tanganyika na wa mto Kongo kwa samaki. Yeyote aliyekula samaki wa moshi kwenye sombe anajua kipande kidogo tu kinaweza kubadilisha sufuria nzima. Soseji ya moshi inafanya hivyohivyo: ni kidogo, lakini harufu yake inaenea mpaka kwenye punje ya mwisho ya wali.

Basi angalieni chungu kimoja: bamia na wali wa Waafrika, unga uliokaangwa kwenye mafuta wa Wafaransa, majani ya Wachoctaw, soseji ya Wajerumani na Waakadia. Karibu kila mmoja wao alihamia au alihamishwa, wengine kwa mapenzi, wengi kwa nguvu. Leo ni chakula cha heshima cha Louisiana, na watalii wanakilipia bei kubwa.

NAMNA UNAVYOPIKWA

Kwa wenzetu mlioko Marekani na chombo mnacho, hii ndiyo njia ya kawaida. Kwa watu sita, tafuta soseji ya moshi kama nusu kilo. Wasiokula nguruwe, kuna ya ng'ombe na ya kuku, moshi ni uleule.

Kata soseji vipande vya mviringo, vikaange kidogo mpaka viwe rangi ya kahawia, viweke pembeni. Kwenye sufuria hiyohiyo kaanga nusu kikombe cha unga wa ngano kwa nusu kikombe cha mafuta, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha mpaka unga ufanane na rangi ya udongo mwekundu. Usiondoke hapo, unga ukiungua mchuzi wote unakuwa mchungu. Ongeza kitunguu, pilipili hoho na seleri, halafu kitunguu saumu. Mimina vyote kwenye chungu cha umeme, tia soseji, mapaja ya kuku ukipata, na supu au maji lita moja na nusu. Funika. Moto wa chini saa 6 mpaka 8, moto wa juu saa 3 au 4. Bamia iingie saa ya mwisho. Usifunue kila mara kuchungulia, maana joto likitoka linachukua muda kurudi.

Kwa nini polepole? Nyama ngumu ina nyuzi ambazo moto mkali unazikaza, lakini moto mdogo wa muda mrefu unaziyeyusha. Ndiyo maana mtu maskini, aliyenunua nyama ya bei ya chini, mara nyingi ndiye aliyejua kupika polepole.

Jambo moja la usalama, na hili ni la wote. Ukipika maharage mekundu, yaloweke usiku, mwaga maji yale, halafu yachemshe kwa moto mkali kwenye sufuria ya kawaida si chini ya dakika 10 kabla ya kuyaweka kwenye chungu cha polepole. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiondoi, na inaleta kutapika na kuharisha.

NA SISI TUSIO NA UMEME?

Hapa ndipo historia hii inapotufikia mlangoni. Chungu cha Irving hakikuanza na umeme. Kilianza na moto uliokwisha kazi yake. Na shida yetu kubwa kambini, baada ya chakula chenyewe, ni moto. Makala ni ghali. Kuni ziko mbali, na dada zetu wanaokwenda kuzitafuta wanajua hatari iliyoko njiani. Maharage makavu tunayopata yanakula moto saa tatu, nne. Kuna nyumba zinazouza sehemu ya maharage ili kununua makala ya kupikia yanayobaki.

Wamama zetu hawakungoja semina. Tunaowajua wako wanaochemsha maharage nusu, wanafunika vizuri, wanaifunga sufuria kwa blanketi na kuiweka ndani ya kikapu chenye majani makavu ya migomba, halafu wanakwenda shamba. Ni Vilna ileile, bila matofali. Ila tumeona miradi ya majiko inakuja, inafundisha, inapiga picha, inaondoka, na hakuna aliyewauliza wale wamama wanajua nini. Ndugu zetu wa mashirika, hatusemi hivi kwa ubaya. Tunasema, mkija na jiko jipya, anzeni kwa kumketisha mama na kumsikiliza. Uvumbuzi uliouzwa kwa mamilioni ya dola ulianza na mtu aliyemsikiliza mama yake.

Na sisi vijana tuna deni hilohilo. Tunajua majina ya wachezaji wote wa ligi ya Uingereza, lakini ni wangapi tunaweza kuandika hatua kwa hatua namna bibi anavyokausha samaki, au anavyotunza mbegu za lenga-lenga kutoka msimu hadi msimu? Wazee wanaondoka. Kuna kaya hapa ambazo anayejua amebaki mmoja.

Kwa hiyo tumeanza na jambo dogo. Mtaani kwetu yuko mwoka mikate mwenye tanuri la udongo. Kila siku mchana anamaliza kazi, na tanuri linabaki na moto mpaka jioni, bure. Tumeongea naye, amekubali kupokea sufuria 8 kila Ijumaa. Masharti ni matatu. Maharage yawe yamelowekwa na kuchemshwa kwanza kwa moto mkali. Kifuniko kishike vizuri, na juu yake kiandikwe jina kwa chaki. Na jioni ile unapokuja kuchukua, chakula kiliwe siku hiyohiyo kikiwa cha moto, kikibaki kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Anayetaka nafasi amwambie kiongozi wa kikundi kabla ya Alhamisi. Atakayekuja aje pia na daftari: kwa kila sufuria inayoingia tanurini, tutaandika jina la chakula, kimetoka kijiji gani, na nani alimfundisha anayekipika.